Kumsaka babu katika "Habari za Miji": mwongozo kamili wa kutumia matangazo madogo ya magazeti ya zamani

Wengi hukwama mahali pamoja. Mtu anaingia maktaba na jina la babu yake, anaomba magazeti, anapekua siku nne, anatoka mikono mitupu na kutangaza kwamba babu hakuandikwa. Mara nyingi aliandikwa. Ila jina lilipigwa chapa kwa tahajia asiyoitegemea, chini ya mji asioutazama, tena miezi mitatu baada ya tukio lenyewe.

Shika utaratibu huu: kwanza mji, pili mwezi, mwisho jina. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka humo.

Mwongozo unamhusu anayemtafuta mtu aliyeishi Tanganyika, Unguja, Pemba au Kenya tangu mwaka 1888 hadi miaka ya 1940. Tunachokisaka ni vile vijihabari vya mistari miwili mitatu katika safu kama "Habari za Miji": fulani amewasili, fulani amehamishwa, fulani ametawafu, fulani na mwenziwe wamevunja ushirika wa duka.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Penseli mbili na kichongeo. Vyumba vingi vya kusomea nyaraka havikubali kalamu ya wino.
- Daftari lenye kurasa zilizogawanywa safu sita wima: gazeti, tarehe ya toleo, ukurasa, mji, maneno kama yalivyo, maoni yako.
- Simu yenye kamera nzuri na chaji ya kutosha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na uliza kama kuna ada.
- Kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, chuo au kazini. Piga simu au fika siku moja kabla kuuliza masharti. Mahali pengine panahitaji kibali kinachochukua siku kadhaa.
- Programu au jedwali la kubadili tarehe za Kiislamu kuwa za Kizungu.
- Karatasi moja ya tahajia za jina (Hatua ya 3). Bila hiyo usiende.
- Kioo cha kukuzia, hasa kama utasoma gazeti lenyewe badala ya picha.

## Hatua ya 1: Geuza hadithi ya ukoo iwe mji na miaka

"Babu alikuwa karani wa Wajerumani" haitafutiki. "Alikuwa karani wa forodha Kilwa, kati ya kufika reli Morogoro na kuanza vita" inatafutika: Kilwa, 1907 hadi 1914.

Usimuulize mzee mwaka. Atakupa wa kukufurahisha. Muulize tukio. Vita vya Maji Maji vilipigwa 1905 hadi 1907. Vita vya Wajerumani na Waingereza ni 1914 hadi 1918, na homa kubwa ya mafua ilifuata mwishoni mwake. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ya Tanga ilifika Moshi 1911. Ya Mombasa ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Kwa Unguja, uliza kama ni kabla au baada ya Sayyid Khalifa bin Harub kukaa kitini mwaka 1911.

Uliza pia kazi na dini. Magazeti hayo yaliandikwa na walimu, makarani na watu wa misheni, na waliwaandika watu wa aina yao: walimu, makarani, maakida, maliwali, askari, mafundi wa reli, wafanyabiashara. Mkulima wa kawaida huonekana akiuawa na simba au akishinda kesi. Mwanamke huonekana kupitia mtu mwingine, "mke wa mwalimu fulani", kwa hiyo ukimtafuta bibi, tafuta mume, baba na kaka zake.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika mstari mmoja wenye kazi, mji na muda usiozidi miaka mitano. Ukizidi hapo, rudi kwa mzee.

## Hatua ya 2: Chagua gazeti linaloendana na mtu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Kumtafuta Mkatoliki wa Bagamoyo katika gazeti la Waanglikana wa Magila ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa watu wa UMCA, misheni ya Waanglikana (Unguja, Bonde, Masasi, Nyasa): *Msimulizi*, lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na *Habari za Mwezi* la Magila lililofuata miaka ya 1890. Haya ni hazina kwa safari za walimu, ubatizo, ndoa na vifo.

Kwa Walutheri jaribu *Pwani na Bara*. Kwa Wakatoliki, *Rafiki Yangu*. Yote mawili ni ya 1910 hadi vita.

Kwa walimu wa shule za serikali, makarani na maakida wa enzi ya Wajerumani: *Kiongozi* la Tanga, lililokoma vita vilipofika mwaka 1916. Barua zake zilitoka miji mingi, si Tanga peke yake.

Kwa Tanganyika ya Waingereza: *Mambo Leo*, gazeti la mwezi la serikali, kuanzia Januari 1923. Safu yake ya "Habari za Miji" ndiyo iliyolipa somo hili jina. Kama mtu wako alikuwa hai na ana kazi mjini baada ya 1923, anza hapa.

Kwa Unguja na Pemba: Gazeti la serikali la Kiingereza lililoanza Februari 1892. Lina meli zilizoingia na kutoka, abiria, uteuzi na mirathi.

Kwa Kenya: Gazeti Rasmi la serikali, tangu 1899; *African Standard*, lililoanzishwa Mombasa na A. M. Jeevanjee mwaka 1902 na baadaye kuwa *East African Standard* na kuhamia Nairobi. Na *Baraza*, la Kiswahili, kuanzia 1939.

Kuhusu magazeti rasmi: watu huyapita wakidhani ni ya sheria tu. Kurasa za mwisho ndizo tamu. Tangazo la mirathi hutaja jina la marehemu, alikoishi, mara nyingi na siku aliyofariki, na nani anasimamia mali yake. Kuna matangazo ya kubadili jina, kupotea kwa hati ya shamba, na kuvunjika kwa ushirika wa biashara. Kwa familia zenye asili ya Kihindi au Kiarabu zilizokuwa na maduka miji midogo, hayo hushinda gazeti lingine lolote.

Utajua umefaulu ukiwa na magazeti mawili, si saba.

## Hatua ya 3: Tengeneza karatasi ya tahajia

Wakati huo hapakuwa na tahajia moja. Kiswahili Sanifu kilikubaliwa kujengwa juu ya Kiunguja katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi nne (Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja) ikaanza kazi 1930. Kabla ya hapo kila mhariri aliandika alivyosikia, na baada ya hapo mazoea hayakufa mara moja.

Andika jina kama mnavyolitamka, kisha litoe katika sura hizi:

Mkono wa Kijerumani. *Ch* huwa *tsch*, *sh* huwa *sch*, *j* huwa *dsch*, *y* huwa *j*, na *s* ya mwanzo huweza kuwa *ss*. Juma huwa Dschuma, Shabani huwa Schabani, Yusufu huwa Jusufu. Miji nayo: Bagamojo, Muansa, Moschi, Aruscha, Udjidji.

Mkono wa Kiingereza. Irabu ya mwisho hukatwa: Rashidi huwa Rashid, Hamisi huwa Hamis. *U* ndefu huwa *oo*: Moosa.

Mkono wa Kiarabu na wa pwani. Athumani ni Uthman, Osman au Asmani. Sefu ni Seif. Swedi ni Suedi. Habari yenyewe utaikuta "khabari".

Ubatizo. Mtu angeweza kubeba jina la Kizungu kanisani na la nyumbani mtaani. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja la upadri katika UMCA, mwaka 1890, ni mfano unaojulikana. Tafuta majina yote mawili.

Sasa onyo kubwa kuliko yote: usitafute jina la ukoo. Wengi hawakuwa nalo. Babu aliyeandikwa kwenye pasipoti ya mwanawe kama "Mkwawila" gazetini atakuwa "Juma bin Hamisi", au "Juma b. Hamisi", au jina moja na kazi yake ("fundi Juma"), au jina na kabila ("Juma Mnyamwezi"), hasa akiwa mbali na kwao. Hapo kabila linafanya kazi ya jina la pili, na likibadilika kutoka mji hadi mji usishangae. Anayetoka bara kwa jumla huweza kuitwa Mnyamwezi pwani hata kama kwao si Unyamwezi.

Ongeza majina ya zamani ya miji. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ilikuwa Bismarckburg, Kisumu ilikuwa Port Florence, Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls.

Utajua umefaulu ukiwa na tahajia nane hadi kumi na mbili za jina. Zikiwa tatu, hujakaza.

## Hatua ya 4: Pata magazeti yenyewe

Tanzania Bara, anzia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki, na Nyaraka za Taifa, Upanga. Unguja, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nairobi, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na maktaba ya McMillan, Banda Street, kwa magazeti ya zamani ya habari.

Walio mbali wana bahati kidogo. Gazeti Rasmi la Kenya limepigwa picha kwa wingi na kuwekwa Google Books. *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung*, la Kijerumani lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, liko katika magazeti ya mtandaoni ya maktaba ya Staatsbibliothek, Berlin. Tazama orodha za abiria wa meli.

Onyo kuhusu kisanduku cha kutafutia mtandaoni: kompyuta husoma vibaya chapa iliyofifia, na herufi za Kijerumani cha kale huipiga chenga kabisa. Humo *s* ya katikati ya neno inafanana na *f*, kwa hiyo Hamisi anaweza kuwa "Hamifi" na Hassani "Haffani". Herufi kubwa B na V nazo hufanana. Tafuta kwa kisanduku mara mbili tatu, kisha fungua kurasa usome kwa macho. "Hakuna matokeo" maana yake ni kwamba kompyuta haikuona, basi.

## Hatua ya 5: Soma safu ya mji, si gazeti zima

Kwa kawaida kila mji una kichwa chake kidogo. Pitisha kidole kwenye vichwa tu hadi ukute mji wako, soma aya zake zote, kisha soma miji miwili ya jirani. Mtu wa Kilwa hutajwa Lindi anapopita.

Toleo moja la gazeti la mwezi kwa namna hii huchukua dakika 20 hadi 30. Miaka mitatu ni matoleo 36, yaani siku tatu za kukaa kitini. Anayesoma kila ukurasa humaliza mwaka mmoja tu kwa muda huo, na macho yakishachoka jina humpita akiliangalia.

Zoea vitenzi. Kuja na kwenda: *amewasili, amefika, amerejea, ameondoka, amesafiri, amepita hapa*. Kazi: *amehamishwa, amewekwa, ameuzuliwa, amekwenda livu* (yaani likizo). Kifo: *ametawafu, amefariki, marehemu*. Ukiona "ameuzuliwa", ameondolewa kazini. Usisome kama amestaafu. Vyombo: *marikebu, meli, jahazi, gari la moshi*.

Kisha tazama jina lililo chini ya barua. Huyo ni mwandishi wa mji, mara nyingi mwalimu au karani, na huandika kuhusu watu wale wale mwezi hadi mwezi. Ukimkuta aliyemtaja babu mara moja, mfuate yeye. Akihamishwa, mji wake huweza kunyamaza gazetini miezi mingi. Usidhani babu ndiye aliyetoweka.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo tu. Tuseme toleo ni la Januari 1924:

> KILWA. Jumatatu 4 Mfunguo Sita karani wa forodha Juma bin Hamisi amewasili hapa kwa jahazi kutoka Lindi, mahali pa Salimu bin Ali aliyehamishwa Mikindani.

Mistari miwili, lakini ina kazi nne: anzia Lindi kurudi nyuma ujue Juma alikuwa huko tangu lini, songa mbele Kilwa, tazama Mikindani kwa Salimu, ambaye barua yake ya kuwasili inaweza kumtaja tena Juma, na chukua tarehe uifungue.

## Hatua ya 6: Fungua tarehe

Miezi ya Waswahili huhesabiwa toka mfungo uishe. Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Pili ni Dhul-Qaada, Mfunguo Tatu ni mwezi wa Hija, Mfunguo Nne ni Muharram, Mfunguo Tano ni Safar, Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, kisha Saba, Nane na Kenda, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu, hata hivyo, hubadilika Mfunguo Nne. Anayesahau hilo hukosea mwaka mzima.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Kisha pata siku kamili kwa jedwali.

Mfano wetu: Mfunguo Sita wa mwisho kabla ya Januari 1924 ni wa mwaka 1342, na 4 Mfunguo Sita 1342 inaangukia 15 Oktoba 1923. Toleo ni la Januari 1924, basi barua ilikaa karibu miezi mitatu njiani na kwenye meza ya mhariri. Ndiyo maana toleo la mwezi wa tukio halitoshi. Soma hadi miezi minne mbele.

Jedwali huweza kupishana na mwezi ulioandama kwa siku moja au mbili. Jina la siku ndilo hukata shauri. Tarehe 15 Oktoba 1923 ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo mfano unakaa sawa. Kama gazeti lingesema Jumanne, ungeandika 16.

Mitego mingine miwili. Siku ya Waswahili huanza jua linapotua: aliyetawafu "usiku wa Ijumaa" alifariki usiku ambao sisi leo tungeuita Alhamisi. Na saa 3 asubuhi ya gazeti la Kiswahili ndiyo saa tisa ya orodha ya meli ya Mzungu. Ukikuta taarifa mbili zimepishana saa sita kamili, ni chombo kimoja.

### Kipande kisicho na tarehe

Kilichokatwa na kuwekwa ndani ya msahafu au albamu mara nyingi hakina tarehe. Tazama fedha.

- Upande wa Wajerumani, rupia yenye pesa 64 ni kabla ya mageuzi ya 1904. Rupia yenye heller 100 ni baada yake. (Heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno "hela".)
- Florini ni dalili ya 1920 na 1921, iliishi kidogo sana.
- Shilingi na senti Kenya au Tanganyika ni kuanzia hapo kuendelea.
- Unguja waliendelea na rupia hadi mwisho wa 1935. Kipande chenye rupia kwa hiyo hakithibitishi ukale kama ni cha Unguja.

Geuza na nyuma ya kipande. Upande wa pili huwa na tangazo la meli au bei ya mchele, na wakati mwingine ndio wenye tarehe.

## Hatua ya 7: Nakili kwa namna itakayokubalika kesho

Piga picha tatu kwa mpangilio huu: kichwa cha gazeti chenye tarehe, ukurasa mzima, kisha aya yenyewe kwa karibu. Picha ya aya peke yake ni sawa na kuokota njiani; mwaka ujao hutajua ulipoitoa.

Andika pia kwa mkono, neno kwa neno, na makosa yake. Usisahihishe "Dschuma". Maelezo yako yaende safu ya sita. Na matoleo uliyosoma bila kupata kitu yaandike vilevile, pamoja na yaliyokosekana kwenye rafu. Bila orodha hiyo utarudia kazi ile ile baada ya miaka miwili, au binamu yako atairudia.

## Hatua ya 8: Hakikisha ni yeye

Juma bin Hamisi walikuwa wengi. Usikubali kwa jina pekee. Taka mambo matatu yakubaliane kati ya jina, jina la baba, kazi, mji na mwaka.

Kisha pima safari. Taarifa inayosema amefika Tabora kwa gari la moshi mwaka 1909 ina kasoro, maana reli haikuwa imefika. Huenda alishuka njiani akamalizia kwa miguu, au umesoma vibaya mwaka.

Mwisho, tafuta karatasi ya pili isiyotoka gazetini: daftari la ubatizo la parokia, kumbukumbu za kadhi, faili la mirathi linalotajwa na tangazo, au uteuzi katika gazeti rasmi. Tangazo la mirathi ni zuri hapa kwa kuwa namba ya shauri iliyoandikwa humo ndiyo ya kuombea faili.

## Unapokwama

Mji wako hauna barua hata moja. Nenda mji wenye bandari, stesheni au boma lililo karibu. Watu wa Pangani husomwa Tanga.

Toleo halipo. Uliza kama kuna nakala ya filamu ndogo (mikrofilamu), kisha soma matoleo mawili yanayofuata. Masahihisho na pole za msiba hutoka baadaye, na hurudia jina.

Jina lipo, baba si yule. Angalia kama jina la pili ni la mlezi, la bwana aliyemlea au la padri aliyembatiza. Hilo hutokea sana kwa waliokulia misheni na kwa waliokuwa watumwa au watoto wao. Ukikuta neno la utumwa karibu na jina, mwonyeshe mzee mmoja wa ukoo faraghani kabla ya kulituma kwenye kundi la simu. Huenda analijua na ana maelezo yasiyokuwemo gazetini.

Umepata mengi kuliko ulivyotarajia. Panga kwa tarehe ya tukio, si ya toleo. Ukipanga kwa matoleo, babu ataonekana amewasili Lindi kabla hajaondoka Kilwa.